Kaburi la shekeli 400

Sara alifariki Hebroni akiwa na miaka 127. Mumewe Abrahamu akamlilia, kisha akainuka mbele ya maiti akaenda langoni mwa mji kutafuta pa kumzika, maana hakuwa na hata pa kuchimba kaburi. Ilikuwa imepita miaka 62 tangu aondoke Harani kwa neno la Mungu, na katika miaka hiyo ahadi ilirudiwa tena na tena: kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, nchi yote hii ni yako na uzao wako. Sasa mwenye nchi yote yuko langoni anaomba auziwe pango.

Sura ya 23 ya Mwanzo hairefushi ibada makanisani kwetu. Imebanwa kati ya mlima wa Moria, ambako Isaka anaponea chupuchupu, na safari ya kumposea mke, na wahubiri wengi huiruka. Mimi naanzia hapo kila ninapoulizwa Mkristo azisomeje ahadi walizopewa mababu wa Israeli.

Abrahamu anajitambulisha kwanza: kwenu mimi ni mgeni na mkaazi tu. Kiebrania kina maneno mawili, ger na toshav, na yote mawili humtaja mtu anayeishi mahali bila kuwa na ardhi yake ya urithi. Wahiti walioko langoni wanamjibu kwa heshima kubwa: azike katika kaburi lolote alipendalo. Yeye anainama na kung'ang'ania kununua. Ndipo Efroni, mwenye shamba, anasema mbele ya watu wote kwamba shamba anampa, na pango lililomo anampa. Aliyewahi kununua kitu kwa mzee mwenye adabu zake anaijua hiyo. “Chukua tu, mwanangu” siyo bei, ni hodi ya mazungumzo, na anayechukua kweli atasemwa kijiji kizima. Abrahamu anasisitiza kulipa, na Efroni anataja bei kama mtu aliyeponyokwa na neno: kiwanja cha shekeli 400, hicho ni kitu gani kwa watu kama sisi?

Kilikuwa kitu. Shekeli ilikuwa uzito wa gramu 11 hivi, kwa hiyo fedha iliyowekwa mizanini siku ile ilikaribia kilo 4 na nusu, na sarafu zilikuwa hazijabuniwa bado. Daudi baadaye alinunua uwanja wa kupuria nafaka, ng'ombe wakiwemo, kwa shekeli 50; Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa 17. Bei za zama tofauti hazilingani, najua, lakini Abrahamu hakuomba kupunguziwa hata shekeli moja. Nadhani alikuwa na sababu. Kaburi la hisani linaweza kudaiwa na wajukuu wa mfadhili. Kaburi la kununua lina mashahidi. Ndiyo maana sura inamalizika kama hati ya kiwanja: shamba, pango, kila mti uliomo ndani ya mipaka yake pande zote, na watu waliokuwa langoni wakishuhudia.

Karne nyingi baadaye, Stefano anasema katika Matendo ya Mitume kwamba Mungu hakumpa Abrahamu urithi katika nchi ile, hata mahali pa kukanyaga. (Katika hotuba hiyohiyo anachanganya pango la Hebroni na kiwanja ambacho Yakobo alinunua Shekemu. Nimeona wenzangu wakitoka jasho kuyapatanisha. Mtu anayesimulia historia ya taifa zima bila karatasi, mbele ya baraza lililomkasirikia, mimi namsamehe.) Hajasahau kwamba Abrahamu alinunua. Anachosema ni kwamba kununua siyo kupewa, na deni la ahadi halikufutwa na fedha ya mdai mwenyewe.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anaichukua hoja hiyo mbali zaidi. Katika sura ya 11 anasema mababu hao walikufa bila kuzipokea ahadi, bali waliziona kwa mbali wakazisalimu, kama mabaharia wanaoiona bandari na jahazi halijafika. Kisha anasema walikiri kwamba walikuwa wageni na wapitaji. Neno la Kigiriki analotumia kwa wapitaji, parepidemos, ndilo lililotumiwa na wafasiri wa Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, kwa Abrahamu pale langoni. Kwa hiyo maneno ya mfiwa anayetafuta kaburi yamekuwa hapa ungamo la imani. Paulo naye, akiwaandikia Wagalatia, anashika neno “uzao” na kulielekeza kwa Kristo, lakini huyo ana makala yake.

Ndiyo maana nasikia ukakasi ninapoona mabango ya mikutano yakitangaza baraka za Abrahamu kwa maana ya nyumba na gari. Mali Abrahamu alikuwa nayo tele: kondoo, ng'ombe, ngamia, fedha. Mwanzo hakifichi. Lakini mali ile siyo iliyokuwa ahadi, na mahali pekee tunapomwona akiipima mbele ya macho yetu ni pale anaponunua kaburi.

Pango likajaa taratibu: Sara, Abrahamu, Isaka, Rebeka, Lea. Raheli alibaki njiani, upande wa Bethlehemu. Yakobo alifia Misri, akapakwa dawa, akasafirishwa hadi pango hilo la Makpela. Leo juu ya mahali hapo pamesimama ukuta wa mawe makubwa ambao wataalamu wanauhusisha na Herode. Wayahudi na Waislamu wanasali humo, na Waarabu wanauita mji wenyewe al-Khalil, kwa sifa ya Ibrahimu kuwa rafiki wa Mungu.

Yusufu hakupelekwa huko. Kitabu cha Mwanzo kinafungwa na yeye akiwa katika jeneza, Misri, baada ya kuwaapisha ndugu zake kwamba siku watakapotoka waibebe mifupa yake. Mwandishi wa Waebrania angeweza kuchagua ndoto zake, gereza, au maghala ya nafaka yaliyowaokoa watu na njaa. Yote ameyaacha, akachagua agizo la mifupa.