Kuinua Bodi ya Gari: Vipande Gani Vyafaa?

Kila aliyesafiri kutoka Bukavu kwenda Mwenga na Kamituga wakati wa mvua aijua ile mifereji miwili ambayo malori huichimba katika matope, na katikati yake tuta la udongo lenye kukwaruza tumbo la kila gari dogo. Si ajabu basi kwamba wenye magari ya kuvuta kwa magurudumu manne, wawe ni wafanya biashara, waganga au mapadre wa parokia za mbali, huenda kwa fundi na kumwambia: "Nipandishie gari hili." Fundi hukubali upesi. Walakini ni wachache wanaouliza kitapandishwa kitu gani, na kwa vipande gani.

Gari kama Toyota Land Cruiser ya namna ya 70, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1984 na ambayo kila mtoto wa Kivu aijua, lina sehemu mbili kubwa. Chini iko chesisi, ambayo mafundi wetu huiita shasi: ni mihimili ya chuma inayobeba injini, ekseli na springi. Juu yake hukaa bodi, yaani nyumba ya gari pamoja na milango na viti. Bodi haigusani na chesisi chuma kwa chuma. Kati yake vimewekwa vitako vya mpira mahali kadhaa, na katika kila kitako hupita bolti yenye kufunga vyote pamoja. Anayetaka kuinua gari aweza kutia springi ndefu zaidi; hapo chesisi na bodi hupanda pamoja. Au aweza kuiacha chesisi pale pale na kutia vipande kati yake na bodi. Habari yetu ya leo ni hii njia ya pili, kwa sababu haina gharama kubwa, na kwa sababu hiyo hiyo hufanywa vibaya mara nyingi.

Msomaji aelewe jambo moja kabla ya kutoa fedha yake. Vipande hivi haviinui difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, hata kwa unene wa ukucha. Kama matairi ni yale yale, difu itakwama katika tuta lile lile ililokwamia jana, ingawa abiria wamekaa juu zaidi. Faida ya kuinua bodi ni kupata nafasi chini ya madigadi ili tairi kubwa zaidi liweze kuzunguka na kukata kona bila kukwaruza. Tairi ndilo linaloinua ekseli, tena kwa nusu tu: tairi lililozidi la kwanza kwa sentimita 10 za upana wa duara lote huinua difu kwa sentimita 5. Mtu asiyekusudia kubadili matairi, na aache kazi hii.

Wengine watatuuliza kwa nini gazeti la familia za Kikristo lihangaike na bolti na nati. Tujibu kwa kisa cha kweli. Mwaka 1925 Padre Otto Fuhrmann, mmisionari wa shirika la Waoblati, alikufa kwa homa kusini-magharibi mwa Afrika, katika nchi iitwayo leo Namibia, kwa kuwa hakuweza kufikishwa kwa mganga kwa wakati. Rafiki yake, Padre Paul Schulte, aliyekuwa rubani wa ndege, aliumia sana moyoni, na mwaka 1927 alianzisha huko Ujerumani chama cha MIVA cha kuwapatia wamisionari magari, mashua na ndege. Kwa hiyo gari la misioni lina deni la uhai tangu mwanzo wake. Lile linalomteremsha mama mwenye uchungu wa kuzaa kutoka milimani hadi hospitali halipaswi kusimama juu ya vipande vya kubahatisha.

Na vipande vya kubahatisha tumeviona. Katika garaji moja ya mji huu tulionyeshwa gari ambalo bodi yake ilikuwa imekalishwa juu ya vigogo vya mti, vimepakwa rangi nyeusi hata vikafanana na mpira. Fundi alivisifu kwamba ni mti mgumu. Ugumu wake hatuukatai. Mvule wajenga mashua na milango inayodumu miaka mingi. Lakini mti hunywa maji wakati wa mvua na kuvimba, kisha kiangazi cha Juni hadi Agosti huukausha nao husinyaa. Kipande kikisinyaa, bolti iliyokuwa imekazwa hubaki imelegea, ingawa nati haikuzunguka hata kidogo. Dereva aitazama nati, aiona mahali pake, aridhika. Huku bodi yaanza kucheza, na kila shimo la barabara laipiga bolti kama nyundo. Tena mti uliotobolewa katikati hupasuka kwa kufuata nyuzi zake.

Bomba la maji lililokatwa vipande ni baya vile vile. Ukingo wake ni mwembamba, nao hula bati la bodi kama kisu. Na wale wanaorundika pete za chuma moja juu ya moja hata kufikia kimo wanachotaka, twawaomba waache leo hii, kwa maana kila pete ina nafasi yake ya kuteleza.

Basi kifaacho ni nini? Ni kipande kizima, kinene, kilichokerezwa kwa mashine kutoka katika nondo nzima, chenye tundu moja la katikati linaloikaa bolti barabara, na chenye nyuso pana za juu na chini. Aluminiamu ni nyepesi na yakerezwa kwa urahisi, wala haibonyei. Adui yake ni kukutana na chuma ndani ya maji na matope, maana hapo huliwa polepole ikawa unga mweupe. Ipakwe rangi, na bolti itiwe grisi. Nailoni ngumu nayo ni nzuri sana: haishiki kutu, hupunguza kelele, hustahimili mapigo. Hunywa maji kidogo, lakini si kama mti. Asichanganye mtu nailoni na ile plastiki nyeupe laini ya polithini, ambayo wauzaji wengine huiita kwa jina hilo hilo. Polithini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 130 hivi, nailoni hufika 220 na kupita. Nayo polithini, hata ikiwa baridi, hubonyea polepole chini ya uzito usioondoka. Ukikiweka kipande chake karibu na bomba la moshi, waweza kubashiri mwisho wake. Sisi, kwa barabara zetu na mvua zetu, twachagua nailoni, na mahali penye joto aluminiamu. Vipande vyote vipimwe viwe na kimo kimoja, vinginevyo bodi itapindika na milango itakataa kufungika. Vile vitako vya zamani vya mpira visitupwe: vipande hukaa pamoja navyo, si badala yake. Vikiwa vimepasuka, na vinunuliwe vipya kwanza.

Kimo kiwe gani? Twasema sentimita 5, isizidi. Kipande cha sentimita 10 hukipa kila msukumo wa ubavuni nguvu maradufu ya kuipinda bolti, kwa kanuni ile ile ya wenzo ambayo wanafunzi huisoma shuleni. Na mzigo uliopanda juu hupindua gari upesi. Anayeteremka kutoka Bukavu, kwenye mita 1,500 hivi, kwa kona za Ngomo hadi bonde la Ruzizi na Uvira, kando ya Tanganyika kwenye mita 773, ajua kwamba hapo hapana nafasi ya kuyumba.

Tufike sasa kwenye bolti, ambayo ndiyo roho ya kazi yote. Bolti za zamani zitakuwa fupi. Lazima zinunuliwe nyingine ndefu zaidi kwa kadiri ya kipande. Mwanafunzi achukue bolti sokoni Kadutu na kutazama kichwa chake. Akiona 8.8, tarakimu ya kwanza mara 100 yampa nguvu ya kukatika, nyutoni 800 kwa kila milimita moja ya mraba. Na ya pili yamwambia kwamba huanza kunyooka isirudi inapofika sehemu nane katika kumi za nguvu hiyo, yaani 640. Ile ya 4.6 hukatika kwenye 400 na kunyooka kwenye 240 tu. Ya 8.8 yatosha, ya 10.9 ni bora. Bolti isiyo na alama yoyote isinunuliwe kwa kazi hii, wala nondo ya hesi inayouzwa kwa mita, hata ikiwa bei yake yavutia. Na fundi anayeunga bolti fupi mbili kwa moto wa kuchomea huiharibu ile nguvu ambayo kiwanda kiliitia kwa joto na kupoza. Muuzaji anayejua kwamba bolti yake ni dhaifu, naye akaapa kwamba ni ngumu, amevunja amri ya saba. Gari likianguka, na ajipime mwenyewe juu ya amri ya tano. Na padre akilibariki gari kwa maombezi ya Mtakatifu Kristofa, dereva bado ana wajibu wa kukaza nati.

Bodi ikipanda, yapo mambo yaliyofungwa huku bodini na huku kwenye chesisi, nayo huvutwa. Shina la usukani ndilo la kwanza: kiungo chake kikibaki kimeshika ncha tu, dereva aweza kupoteza usukani mlimani. Kisha mipira ya breki, waya wa breki ya mkono, mpira wa kuingizia mafuta, nyaya za umeme, mkono wa gia. Panka la injini laweza kugonga kifuniko cha rejeta, kwa sababu rejeta imepanda na bodi, nalo panka limebaki na injini. Haya yote yatazamwe huku usukani ukizungushwa hadi mwisho wa kulia na wa kushoto. Kitu chochote kilichonyooka kama uzi wa gitaa kirefushwe au kibadilishwe.

Kazi ikiisha, fundi apige mstari mmoja wa rangi nyeupe juu ya kila nati hadi kwenye chuma kilicho kando yake. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 100, na mara nyingine baada ya 500. Baadaye dereva alale chini ya gari kila arudipo kutoka Shabunda au Kamituga, aifute ile mistari kwa kitambaa, aitazame mmoja mmoja. Mstari uliokatika waonyesha nati iliyozunguka. Na kwa kuwa mstari hauonyeshi kipande kilichobonyea, aijaribu pia kila nati kwa spana.