Mtoto mwenye ulemavu si wa maonyesho

Baba anamuuza binti yake kwa mwenye sarakasi kwa sababu ya alama alizozaliwa nazo mwilini. Ndivyo masaibu ya Nell yanavyoanza katika Circus of Wonders, riwaya ya Elizabeth Macneal iliyotoka mwaka 2021. Nell anaishi kijiji cha pwani mwaka 1866, na aliyemtoa kwa wageni si adui, bali mzazi wake.

Kisa hicho ni cha kubuni, lakini biashara yenyewe ilikuwapo. Katika karne ya 19, kwenye magulio ya Uingereza, watu walilipa kiingilio ili kuwatazama watu wafupi, wanawake wenye ndevu, mapacha walioungana na watu wenye ualbino.

Miongoni mwao alikuwa Joseph Merrick, aliyezaliwa Leicester mwaka 1862. Akiwa bado mtoto, ngozi na mifupa yake vilianza kukua kupita kiasi. Mama yake alifariki Joseph akiwa na miaka 10, baba akaoa tena, na kijana akaishia kwenye nyumba ya kutunzia maskini. Mwaka 1884 aliamua mwenyewe kwenda kwa wenye maonyesho ili apate riziki, wakamtangaza kwa jina la Mtu Tembo. Miaka yake ya mwisho aliishi London Hospital, akafariki mwaka 1890 akiwa na miaka 27.

Mama hubebeshwa lawama

Familia ya Merrick iliamini kuwa mama yake alitishwa na tembo akiwa mjamzito. Leo wataalamu wengi wanadhani chanzo kilikuwa badiliko la vinasaba linalotokea mtoto akiwa tumboni, ambalo halirithiwi wala haliletwi na hofu ya mama.

Imani ya namna hiyo haijaisha. Hadi leo wapo kina mama wanaoambiwa kuwa walimcheka mtu mwenye ulemavu, walikiuka mwiko au wamelogwa. Ukweli ni mwingine. Mtoto huzaliwa na ualbino anaporithi vinasaba vyake kutoka kwa baba na mama, hata kama wote wawili hawana ualbino. Mgongo wazi hutokea wiki za mwanzo kabisa za ujauzito, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Ndiyo maana wanawake wanashauriwa kuanza vidonge vya foliki asidi kabla ya kubeba mimba, kwani hupunguza hatari hiyo.

Lawama ina gharama, kwa sababu mama anayeona aibu humficha mtoto ndani. Mtoto mwenye kichwa kikubwa anahitaji kufika hospitali mapema, kwa kuwa maji yanayojaa hubana ubongo. Mwenye mdomo sungura anaweza kufanyiwa upasuaji tangu akiwa na miezi michache, na kabla ya hapo mama anahitaji kufundishwa namna ya kumnyonyesha. Kwa familia ya Liuli au vijiji vya milimani Mbinga, safari ya hospitali ya rufaa ni ndefu na ina nauli yake. Kila wiki ya kujificha huongeza ugumu.

Mapacha wa Marekani na wa Makete

Millie na Christine McKoy walizaliwa utumwani Marekani mwaka 1851, wakiwa wameungana. Wakauzwa, wakaibwa na kupelekwa Uingereza kuonyeshwa. Mama yao, Monimia, alisafirishwa kuvuka bahari ili kuwadai, na akawapata. Walijifunza kusoma na kuimba, wakawa wasanii wenye jina, na baadaye wakamiliki shamba walikozaliwa. Walifariki mwaka 1912.

Nchini Tanzania, Maria na Consolata Mwakikuti walizaliwa Makete mwaka 1996, nao wakiwa wameungana. Baada ya kufiwa na wazazi, walilelewa na watawa wa Kikatoliki. Walimaliza kidato cha sita mwaka 2017, wakajiunga na Chuo Kikuu cha Ruaha mjini Iringa kusomea ualimu. Walifariki Juni 2, 2018, na taifa likawalilia kama wanafunzi waliotaka kuwa walimu. Hawakukumbukwa kama kioja, kwa sababu waliowalea waliwapeleka shule.

Hema la leo ni simu

Mahema yale yamekwisha, lakini simu ipo mfukoni mwa kila mtu. Mtoto anapigwa picha mnadani, kwenye basi au bandarini Mbamba Bay, na jioni anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Wengine huomba msaada kwa nia njema, lakini picha ya mtoto akiwa uchi au analia itabaki mtandaoni hata atakapokuwa mtu mzima.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 zinalinda utu wa mtoto huyu. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa zake.

Mzazi anaweza kuanza na haya:

- Mtu akiinua simu, mwambie kwa upole lakini bila kuyumba: "Samahani ndugu, mwanangu hapigwi picha."
- Ukihitaji mchango, eleza ugonjwa, gharama na hospitali. Kama picha ni lazima, mtoto awe amevaa vizuri, na kama ana umri wa kuelewa, aulizwe kwanza.
- Mfundishe jibu fupi la kuwapa wanaomshangaa: "Nilizaliwa hivi. Naitwa nani, wewe je?"
- Mtoto wako asiye na ulemavu akiuliza kwa sauti, usimzibe mdomo. Mjibu, kisha mwache amsalimie mwenzake.
- Usiache kliniki, na mwandikishe shule umri ukifika.

Mtoto hawezi kuwazuia watu wasimtazame. Anachohitaji ni mzazi aliyesimama upande wake wanapomtazama.