Maelezo ya Zana kwa Wakala wa Akili Unde

Wakala wa akili unde, hata awe fasaha kiasi gani, hajui ulimwengu wa nje ila kwa maneno aliyowekewa. Na mtengenezaji wa programu atakapo wakala huyo atafute mapishi katika ghala la intaneti, humwandikia jina la zana, maelezo ya kazi yake na orodha ya mambo ya kujaza, kisha wakala husoma hayo na kuamua peke yake kama zana ile yafaa au haifai. Msimbo ulio nyuma ya zana hauoni kamwe. Desturi hii imeenea tangu Juni 2023, kampuni ya OpenAI ilipoifungulia mlango katika API yake, na Novemba 2024 Anthropic ikatoa Model Context Protocol, itifaki ambayo kwayo zana moja yaweza kutumiwa na mawakala wa makampuni mbalimbali. Hivyo maelezo yaliyokuwa tanbihi tu baina ya mafundi yamegeuka kuwa ndiyo amri yenyewe.

Tuchukulie kwamba mkahawa mmoja wa Diani, Kwale, nchini Kenya, umemweka wakala wa kumsaidia mpishi kupanga vyakula vya juma, na wakala huyo ameunganishwa na TheMealDB, ghala la mapishi lililoandikwa kwa Kiingereza. Mlango wake mmoja, filter.php, hupokea kiungo na kurudisha jina la pishi, picha na namba, na mwingine, lookup.php, hupokea namba na kurudisha pishi zima. Ajabu ni kwamba milango yote miwili hupokea hoja yake kwa herufi ile ile, i, ambayo kwa wa kwanza ni kiungo na kwa wa pili ni namba. Fundi aliyeuzoea mpango huu hapotei. Bali wakala aliyeandikiwa “Hutafuta mapishi” katika zana zote mbili aweza kupeleka jina la samaki panapotakiwa namba, akapata jibu lisilo na pishi lolote, kisha akamwambia mpishi, kwa yakini isiyo na msingi, kwamba ghala zima halina pishi la samaki.

Maelezo yafaayo ya zana ya kwanza, ikiwa ile ya pili imepewa jina leta_pishi, yangekuwa hivi: “Hutafuta mapishi kwa kiungo kimoja, kilichoandikwa kwa Kiingereza. Hurudisha jina, picha na namba. Hairudishi vipimo wala namna ya kupika. Ukitaka pishi zima, peleka namba hiyo katika leta_pishi. Jibu likiwa tupu, jaribu jina jingine la kiungo kabla ya kumjibu mtumiaji.” Kadhalika ile herufi i na ibaki ndani ya msimbo, wakala aonyeshwe jina_la_kiungo na namba_ya_pishi, kwani hoja yenye jina la wazi huondoa makosa mengi kabla hayajatendeka.

Aidha, maelezo hayana budi kutaja mipaka ya ghala. Spoonacular, ghala jingine mashuhuri, katika orodha yake ya aina za mapishi lina Ufaransa, Ugiriki, Ireland na Hispania kila moja kwa jina lake, ilhali bara zima la Afrika limetiwa katika neno moja. Basi wakala atafutaye samaki wa kupaka aambiwe waziwazi kwamba asitegemee orodha hiyo, bali atafute kwa samaki, tui na ndimu. Na vipimo vya TheMealDB ni maandishi huru, hapa gramu, pale kopo. Mpishi wa mkahawa ule, akunaye nazi kwa mbuzi na kutenga kasimile na tui la pili, hatajua kutoka hapo lipi litangulie chunguni na lipi lingojee mwisho, na wakala asimkisie.

Lakini lililo zito kuliko yote ni mzio. Kwale ni nchi ya mikorosho, na mgeni mwenye mzio wa korosho huuliza swali ambalo kosa lake huweza kumtoa mtu roho. Pishi lisilotaja korosho katika orodha ya viungo halijathibitishwa kuwa salama, kwa kuwa ghala halijui mafuta wala chombo vilivyotumika jikoni, kwa hiyo maelezo ya leta_pishi sharti yaseme: “Zana hii haithibitishi usalama wa chakula kwa mwenye mzio. Swali la mzio lipeleke kwa mpishi.” Sentensi hizo mbili zina thamani zaidi kuliko aya nzima ya kuisifu zana.

Wala isidhaniwe kwamba urefu ndio ubora, maana kila neno la maelezo husomwa upya katika kila ombi, hugharimu fedha, na likizidi huyafunika yale ya lazima. Njia ya kupima ni kukusanya maswali ya kweli ya jikoni, kumpa wakala, kisha kutazama alichagua zana gani na akajaza nini, badala ya kuridhika na utamu wa jibu lake. Na pale alipokosea, mwandishi aanze kwa kuyasahihisha maelezo yake mwenyewe kabla ya kuilaumu akili unde, kwa sababu aghalabu wakala alitenda yale yale aliyoandikiwa.