Je, Wajua? Lori Likizimika, Usipige Stata

Lori kuukuu la miwa likizimika ghafla karibu na Kibabii, Bungoma, fundi mzoefu huchomoa kwanza kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa? Maji ya rejeta yameingia, mara nyingi kupitia gasketi ya hedi iliyoungua. Iking'aa kwa chembe za chuma, beringi zimesagika. Kisha huzungusha krenki kwa spana. Ikigoma, huenda pistoni imenata, au silinda imejaa maji, na hapo stata ni adui. Injini ya dizeli hubana hewa takriban mara 16, lakini maji hayabaniki: konrodi hupinda, pengine hutoboa bloku. Badala yake, fungua nozeli, zungusha krenki tena polepole. Maji yakiruka, chanzo kimejulikana.