Kabla ya Kuomba Punguzo, Geuza Friji Usome Mgongoni

Friji ikizima kwa mara ya mwisho, nyumba nzima huchanganyikiwa. Samaki wa wiki wanayeyuka, maziwa ya mtoto hayana pa kuwekwa, na kesho yake mtu yuko Kariakoo akiulizia bei. Haraka hiyo ndiyo inayotuponza. Tunabishania punguzo la shilingi elfu ishirini, tunasahau kuwa friji ina bei mbili: ile anayolipwa muuzaji leo, na ile itakayolipwa kwenye LUKU mwezi hadi mwezi, kwa miaka.

Tupige hesabu. Friji kuukuu iliyochoka inaweza kula uniti mbili kwa siku, yaani 60 kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye tarifu ya D1, yenye umeme wa bei nafuu kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, inabakiwa na uniti 15 za taa, televisheni na pasi. Friji mpya ya ukubwa wa kati yenye kompresa ya inverta inaweza kutumia uniti 200 kwa mwaka mzima. Kwa asiye kwenye D1, anayelipa takriban shilingi 350 kwa uniti, tofauti hiyo inapita shilingi 180,000 kwa mwaka.

Kwa hiyo omba friji igeuzwe. Nyuma, au ndani pembeni, kuna kibandiko. Tafuta volti 220 hadi 240 na hezi 50. Friji ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, ya Marekani 120. Zote zitakudai transfoma. Kisha tazama gesi. R600a, iliyo kwenye friji nyingi mpya, haiharibu ozoni na huchangia joto la dunia kidogo mno ikilinganishwa na R134a. Ila inawaka, hivyo isiguswe na fundi asiyeijua. Ukikuta R12, achana nayo: ni gesi iliyoondolewa sokoni kwa Itifaki ya Montreal ya 1987.

Kama ni mtumba, chuchumaa uikague kompresa. Rangi nyeusi iliyopakwa juu ya kutu, au mabomba yenye alama mbichi za kuchomelea, ni dalili kuwa imeshafunguliwa. Bana karatasi mlangoni, kisha ivute. Ikichomoka kirahisi, mpira umechoka; baridi itavuja na mota haitapumzika.

Ikifika nyumbani, hasa kama ililazwa kwenye kirikuu, iache imesimama saa kadhaa kabla ya kuiwasha ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Iwekee pia kifaa cha kuilinda umeme unapokatika na kurudi ghafla.

Kwa familia nyingi, pesa ya friji ni akiba ya miezi. Anayeitoa ana haki ya kupewa risiti ya EFD na dhamana ya maandishi, na kuiona friza ikianza kushika barafu kabla hajahesabu noti. Muuzaji akikataa kuichomeka, nenda duka la pili.