Injini Inapokataa Kuwaka: Kwa Nini Rubani Ajifunzie Kwenye Kompyuta



Mwanakamati wa usharika anaweza kuuliza: kwa nini sadaka inunue kompyuta ya kuigiza ndege? Je, huo si mchezo wa watoto? Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu.

Tangu mwaka 1983 shirika la Flying Medical Service la hapa Arusha limekuwa likipeleka huduma za afya vijijini kwa ndege ndogo aina ya Cessna 206. Ndege hiyo ina injini moja tu ya pistoni, yenye silinda sita.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, rubani hutanguliza petroli kidogo kwenye silinda. Stata huizungusha injini, plagi hutoa cheche, nayo huwaka. Lakini ndege ikitua kwenye kiwanja cha vumbi Umasaini na kuzimwa kwa nusu saa wakati mgonjwa anapakiwa, mambo hubadilika. Joto la injini hupanda hadi kwenye mabomba, petroli hugeuka mvuke, na pampu husukuma mapovu. Rubani akifuata hatua zile zile za asubuhi, injini hukosa mafuta. Akiyazidisha, plagi hulowa. Kila jaribio hula betri na kuipasha stata moto. Betri ikiisha porini hakuna fundi, na mgonjwa anasubiri. Kuzungusha rafadha kwa mkono kunaweza kuua.

Programu duni hudanganya: ukigeuza ufunguo, injini inawaka kila mara. Programu nzuri hupiga hesabu ya nguvu ya betri, joto la injini, petroli iliyoingia na wepesi wa hewa, kwa kuwa Arusha iko juu kuliko pwani. Silinda moja hushika, nyingine hukosa. Injini hukohoa, hutetemeka, kisha huzimika. Mwanafunzi akikosea, betri hupungua mbele ya macho yake. Hapo anajifunza kusubiri, kupoza stata na kubadili hatua, bila kumhatarisha mtu.

Kifaa hiki hakichukui nafasi ya mwalimu wala saa za kuruka angani. Kwa hiyo, kamati ikiletewa ombi la namna hii, iulize maswali mawili: Je, injini ya kompyuta hiyo inaweza kukataa kuwaka? Na je, yupo mwalimu wa kumweleza mwanafunzi sababu?