Konsonanti za Kiingereza na Ulimi wa Kampala

Wahenga walisema kwamba ulimi hauna mfupa. Walikusudia kutuonya juu ya maneno yanayoteleza kinywani bila kufikiriwa. Lakini mwalimu wa lugha ana haki ya kuongeza kidogo juu ya usemi huo: ulimi hauna mfupa, bali una mazoea, na aghalabu mazoea ni magumu kuliko mfupa. Hilo ndilo tuliloona vema kulizungumza na wasomaji wetu leo, kwa kuwa lawahusu watoto wetu walioko madarasani na hata sisi watu wazima tulio makazini.

Katika mji wetu wa Kampala Kiingereza ndicho lugha ya ofisi, ya mahakama na ya mitihani. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2007 uliagiza kwamba madarasa matatu ya kwanza ya shule ya msingi yafundishwe kwa lugha ya mahali, kisha Kiingereza kichukue nafasi yake kuanzia darasa la nne. Lakini mijini, ambako watoto wa makabila mengi huketi kwenye dawati moja, shule ziliruhusiwa kufundisha kwa Kiingereza tangu mwanzo. Kwa hiyo mtoto wa Kampala huanza kusoma kwa herufi za lugha ambayo pengine haisikii nyumbani kwao kabisa. Siku anapoinuka kusoma, akatamka "load" pale palipoandikwa "road", barabara ikageuka mzigo, na darasa zima likaangua kicheko, mtoto huyo hujifunza jambo moja tu: kunyamaza.

Sisi twasema kwamba kicheko hicho ni dhuluma. Tena kimetokana na kutojua, kwa sababu mtoto yule hakubahatisha. Amefuata kanuni, tena kanuni iliyo thabiti kuliko nyingi za Kiingereza chenyewe.

Katika Luganda sauti za l na r ni kama mtu mmoja mwenye kanzu mbili. Ikitanguliwa na irabu i au e, sauti hiyo huvaa r. Mahali pengine pote huvaa l. Asiyeamini na atazame vilima vya mji wetu. Kololo, Mulago na Kibuli vina l, kwa kuwa irabu iliyotangulia ni o au u. Makerere na Namirembe vina r, kwa kuwa iliyotangulia ni e au i. Lubiri, yaani makao ya Kabaka, huanza kwa l na kuishia na r, na zote mbili zimekaa mahali pake. Kile kilima chenye kanisa kuu la Wakatoliki, wenyeji hukiita Lubaga, ingawa ramani nyingi zimeandika Rubaga. Kanuni hiyo imo katika maendelezo sanifu ya Luganda yaliyokubaliwa katika mkutano wa Waganda wa mwaka 1947, na ndiyo inayofuatwa hadi leo.

Wageni nao walipoingia nchini walilazimika kuitii. Katika Biblia ya Luganda Petro ni Peetero, Paulo ni Pawulo, na Israeli ni Isiraeri. Vivyo hivyo kwa vitu vya kisasa: redio iliposhushwa Buganda ikawa "leediyo", na filamu ikawa "firimu". Tazameni jinsi herufi hizo mbili zilivyobadilishana viti. Katika neno la kwanza r imekuwa l kwa kuwa imesimama mwanzoni; katika la pili l imekuwa r kwa kuwa imetanguliwa na i. Basi mtoto anayesema "load" badala ya "road" anafanya yale yale yaliyofanywa na taifa zima.

Wala jambo hili si la Waganda peke yao. Ndugu zetu wa Ankole na Kigezi, katika lugha yao ya Runyankore-Rukiga, huandika r na hawana haja ya l. Hata jina la Ankole lilikuja na watu wa nje. Wenyewe husema Nkore. Waacholi wa kaskazini, kwa upande wao, hawana katika asili ya lugha yao sauti za f, s wala z. Sukari kwao ni "cukari", na herufi c hapo husomwa kama ch yetu. Mtu aliyelelewa katika lugha hiyo atahitaji juhudi ya pekee kutenga "fan", yaani feni, na "pan", yaani kikaango. Mganda naye hana sh katika lugha yake. Shati aliloliazima akaliita "essaati". Kwake yeye "ship", ambayo ni meli, na "sip", ambayo ni kunywa kidogo kidogo, hukaribiana mno.

Iko pia tofauti nyingine ambayo walimu wengi huisahau. Katika Luganda konsonanti ikiandikwa mara mbili hukazwa, na maana hubadilika: "okuta" ni kuachilia, bali "okutta" ni kuua. Katika Kiingereza sivyo. Herufi mbili za katikati ya "happy" au "letter" hutamkwa kama moja. Mwanafunzi anayezikaza amesoma kwa uaminifu kile alichokiona. Hakuambiwa tu kwamba maandishi ya Kiingereza hayaaminiki kiasi hicho.

Hapa ndipo tufikapo kwenye kiini cha mambo. Twapenda kulaumu ulimi wa mwanafunzi, lakini sehemu kubwa ya lawama yaistahili tahajia ya Kiingereza. Lugha hiyo ina herufi 21 za konsonanti na sauti za konsonanti zipatazo 24. Tena herufi tatu miongoni mwa hizo, c, q na x, hazina sauti zake zenyewe. C huazima sauti ya k katika "cat" na ya s katika "city". G ni moja katika "gold" na nyingine katika "gem". Ch husomwa kwa njia tatu katika "chair", "chemistry" na "machine". S ya "bus" ni s kweli, lakini ya "his" ni z, na ya "sugar" ni sh. Hata kiambishi cha wakati uliopita, ambacho huandikwa kwa namna moja, hutamkwa kama t katika "walked", kama d katika "played", na kama silabi nzima katika "wanted".

Kisha ziko herufi zilizo bubu. K ya "knee", yaani goti, ilitamkwa zamani, na Wajerumani wangali wakiitamka katika neno lao la goti hadi leo. William Caxton alipoleta mtambo wa kupiga chapa Uingereza mwaka 1476, maandishi yalianza kuganda huku matamshi yakiendelea kutembea. Ndiyo maana k ilibaki karatasini baada ya kuondoka kinywani. B ya "debt", yaani deni, haikupata kutamkwa na Waingereza kabisa. Wasomi waliichomeka ili neno lifanane na asili yake ya Kilatini.

Waingereza wenyewe wanaujua mzigo huu. Tangu mwaka 2012, watoto wa England wenye umri wa miaka mitano na sita hupimwa kwa kusomeshwa maneno 40, na 20 kati yake si maneno ya kweli, bali yametungwa ili ionekane kama mtoto anajua sauti za herufi au amekariri sura za maneno tu. Ikiwa mtoto aliyezaliwa katika lugha hiyo hufundishwa na kupimwa hivyo, vipi sisi tumdai mtoto wa Kawempe au Makindye aijue kwa kusikia mara moja?

Msomaji wa Kiswahili ana akiba ambayo yafaa aitumie. Kiingereza huandika th moja kwa sauti mbili, lakini Kiswahili kimezitenga: sauti ya "think" ni ile ya thelathini, na ya "this" ni ile ya dhahabu. Kiingereza huandika ng moja, lakini sisi twajua kutenga ngoma na ng'ombe. Basi "finger" ina ng ya ngoma, na "singer" ina ng' ya ng'ombe. Anayeyajua hayo amekwisha kuvuka mito miwili bila mtumbwi. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Manufaa yake na yaanzie hata katika somo la Kiingereza.

Je, tufanye nini? Kwanza, sikio litangulie jicho. Mwanafunzi asiyesikia tofauti ya "rice", yaani mchele, na "lice", yaani chawa, hataweza kuitamka. Mwalimu ayatamke maneno hayo akiwa ameuficha mdomo wake kwa kitabu, na wanafunzi waseme ni lipi walilosikia. Pili, mwanafunzi aonyeshwe kazi ya kinywa. Kwa l, ncha ya ulimi hugusa ufizi nyuma ya meno ya juu na kukaa hapo. Kwa r ya Kiingereza, ncha haigusi popote. Kwa f na v, meno ya juu hugusa mdomo wa chini, lakini kwa p midomo miwili hufumbana. Kutenga s na z, aweke kiganja kooni: penye z atahisi mtetemo, penye s hapana. Tatu, herufi ifundishwe kwa sauti yake kabla ya jina lake, na herufi bubu zitajwe wazi kuwa bubu.

Wako watakaosema kwamba haya ni kupoteza wakati, kwani mtihani wa Kiingereza wa kumaliza shule ya msingi huandikwa kwa kalamu wala hausemwi. Jawabu letu ni kwamba kosa la ulimi halichelewi kushuka mkononi. Anayesema "prease" ataandika "prease", na hapo alama hukatwa. Baadaye atasimama mbele ya watu wanaompima kwa ajili ya kazi, nao watauhukumu ujuzi wake wote kwa konsonanti moja.

Hatusemi kwamba mtu wa Kampala aige sauti ya mtu wa London. Lafudhi ni alama ya mahali mtu alikotoka, na mwacha asili ni mtumwa. Kipimo ni kueleweka: mchele usigeuke chawa, wala barabara isigeuke mzigo. Zaidi ya hapo kila mmoja na abaki na sauti ya kwao.

Kwa walimu na wazazi, basi, tuna ombi moja. Mtoto akikosea, msimcheke, wala asiadhibiwe kwa kuwa na lugha ya mama yake. Mwonyesheni kwamba lugha hiyo ina kanuni, na kwamba Kiingereza nacho kina zake, na kwamba mwenye kuzijua zote mbili hubadilisha kanzu kwa hiari yake. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini kunja kwa upole, usije ukamvunja.